Sita au Tisa? Kuelewa Maneno Penye Kelele Ukiwa na Mashine za Masikio

Asubuhi moja pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, niliulizia fungu la changu. Muuzaji akanitajia bei. Nikampa noti ya elfu kumi, nikakinga mkono kungoja chenji ya elfu nne. Akaniwekea elfu moja. "Mama, nimesema tisa," akasema, kisha akakunja kidole gumba kimoja na kuninyooshea vidole vilivyobaki. Mimi nilisikia sita, na ningeweza kuapa. Nyuma yangu dalali alikuwa ananadi, upande wa maji injini ya boti inanguruma, mikokoteni inapita na watu wanaombana njia. Masikioni nilikuwa na mashine mbili ambazo, saa moja kabla, jikoni kwangu, zilinifikishia hata mlio wa kijiko kikikoroga chai.

Kama unavaa mashine za masikio, jambo hili unalijua. Nyumbani unasikia na unaelewa. Ukitoka, unasikia zaidi kuliko nyumbani, lakini huelewi. Wengi wakifika hapo huzivua, huzitia kwenye kisanduku na kisanduku hukaa kabatini. Naandika mwongozo huu ili usifike hapo, maana mengi yanaweza kurekebishwa, na baadhi yake hayahitaji hata kuigusa mashine.

Kwanza elewa ni nini kinachopotea

Tamka polepole: sita. Kisha: tisa. Irabu ni zilezile kwa mpangilio uleule, i na a. Kilichobadilika ni s na t tu, zimepeana nafasi. Irabu ni sauti nene zenye nguvu, zinasafiri mbali na zinapenya. Lakini s, f, t, th na sh ni sauti nyembamba, dhaifu, na nguvu yake nyingi iko kwenye masafa ya juu. Ile ya s huwa hasa juu ya hezi 4,000. Upungufu wa kusikia unaoletwa na umri, na ule unaoletwa na kelele za kiwandani au za muziki, kwa kawaida huanza kula masafa hayohayo ya juu.

Sasa angalia lugha yetu. Karibu kila silabi ya Kiswahili inaishia na irabu. Kwa hiyo mtu aliyepoteza masafa ya juu huusikia mwendo wote wa sentensi na mapigo yake, hata hujua kama ni swali au ni amri, lakini "amefika", "amepika" na "ameshika" zinamjia zikifanana kama pacha. Ndiyo sababu watu wa nyumbani husema, "Huyu anasikia anachokitaka." Wanakuonea. Unachosikia ni irabu, na sehemu iliyobaki unaikisia.

Kelele inaongeza taabu. Muungurumo wa injini, jenereta na feni ni sauti nene, na sauti nene ikiwa kubwa huzifunika zile nyembamba. Kwa hiyo konsonanti ambazo tayari zilikuwa zinakufikia kwa shida ndizo za kwanza kuzama.

Hapo kosa ambalo karibu sote tunalifanya ni kubonyeza kitufe cha kuongeza sauti. Mashine ikiongeza, inaongeza kila kitu: muuzaji, dalali na boti. Kinachokusaidia kuelewa ni tofauti kati ya sauti ya anayezungumza na wewe na kelele iliyomzunguka. Ukubwa wa sauti peke yake haukusaidii. Mwenye masikio mazima anaweza kufuata mazungumzo hata kelele ikilingana na sauti ya mtu, au ikiizidi kidogo. Sikio lililoumia linataka sauti ya mtu iwe juu ya kelele kwa desibeli kadhaa. Seli ndogo za nywele zilizo ndani kabisa ya sikio zikishakufa hazioti tena, na mashine haiwezi kuzifufua. Kazi inayobaki ni kuipanua hiyo tofauti kwa kila njia unayoweza, na kila ushauri ulioko hapa chini unatumikia lengo hilo moja.

Angalia mashine kabla ya kulaumu mipangilio

Hili ni fupi lakini usiliruke. Nta ya sikio ikiziba kichujio kidogo cha kwenye ncha, sauti za kwanza kupungua ni zile nyembamba tunazozihangaikia. Kipanguse kila siku kwa kitambaa kikavu, na ubadilishe kichujio kinapoziba. Mashine za kukaa nyuma ya sikio huwa na vitundu viwili vidogo mgongoni. Hizo ndizo maikrofoni. Kama kimoja kimejaa vumbi, poda au mafuta ya nywele, mashine haiwezi tena kupambanua sauti ya mbele na ya nyuma.

Sisi wa pwani tuna jasho na unyevu. Mashine zisizo za kuchaji zifungue mlango wa betri usiku, na zote ziweke kwenye kopo lenye kifuniko na vidonge vya kufyonza unyevu. Betri za zinki zinahitaji hewa ili ziamke: ukibandua kile kikaratasi, ngoja dakika chache kabla ya kuifunga ndani. Rangi ya kikaratasi ndiyo saizi, njano ni 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13 na buluu ni 675, kwa hiyo hata mtoto unaweza kumtuma.

Neno moja kwa wanaojifunga ushungi, kilemba au kofia inayofunika masikio. Kitambaa kinachogusa maikrofoni hutoa mchakacho ambao mashine inaukuza, na kikiwa kizito kinameza zile s na t kabla hazijafika. Chagua kitambaa laini na chepesi, ukifunge bila kukibana pale juu ya sikio, kisha kaa kimya utikise kichwa mara mbili tatu. Ukisikia mkwaruzo, kilegeze tena.

Na kama ulipewa mashine mbili, vaa zote mbili. Mwaka 1953 Mwingereza Colin Cherry alichapisha majaribio yake juu ya namna mtu anavyomfuata mzungumzaji mmoja katikati ya wengi. Aliwasikilizisha watu jumbe mbili kwa wakati mmoja. Zilipochanganywa pamoja walipata taabu kubwa kuzitenganisha. Kila ujumbe ulipopelekwa kwenye sikio lake, waliufuata ule waliotakiwa bila shida. Ubongo hutumia masikio mawili kujua nani yuko wapi, na anayeacha mashine moja nyumbani ili kuokoa betri anaunyima ubongo kipimo hicho.

Umbali, uso na mgongo

Mpangilio wenye nguvu kuliko yote hauko ndani ya mashine. Ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu kisha ukasogea hadi mita 1, sauti yake inakuongezekea kwa takribani desibeli 6, na kelele ya pembeni inabaki vilevile. Sogea tena hadi nusu mita, unapata nyingine 6. Maikrofoni za mashine nzuri, katika mazingira mazuri, hukupa desibeli chache tu. Hatua moja ya mguu wako inashindana na teknolojia ya pesa nyingi, kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote, sogea.

Pili, uso. Mtazame mtu mdomoni. Kwa f meno ya juu yanagusa mdomo wa chini. Kwa p midomo inafumba. Kwa sh inachongoka mbele. Kwa hiyo "amefika", "amepika" na "ameshika", ambazo sikio limeshindwa kuzitenga, jicho linazitenga mara moja. Ndiyo maana taa iwe usoni mwa mzungumzaji: akikaa akiwa na dirisha au taa mgongoni, uso wake unakuwa giza na umeupoteza msaada huo. Lakini s na t zote hutengenezwa nyuma ya meno, na kwa nje zinafanana. Sita na tisa hazionekani. Nambari usizikisie hata siku moja. Omba vidole, omba aandike kwenye simu au abonyeze kikokotoo. Wafanyabiashara wamezoea, hakuna anayeshangaa.

Tatu, mgongo, na hapa kuna ushauri ambao niliufuata vibaya kwa miaka. Niliambiwa kwamba nikiingia mgahawani nikae nimeegemea ukuta. Ushauri huo ni mzuri kwa mashine za kawaida zinazopokea sauti kutoka pande zote, maana ukuta unakukinga na kelele ya nyuma. Lakini mashine nyingi za sasa zina maikrofoni za kuelekeza mbele, ambazo zinapunguza sauti za nyuma yako. Ukiegemea ukuta nyuma yako hakuna kitu cha kupunguza, na mgahawa mzima uko mbele, unaingia pamoja na sauti ya mwenzako. Geuza: mpe mgongo ukumbi, na mwenzako umkalishe kati yako na ukuta. Kelele inakuwa nyuma, mahali ambapo mashine imeundwa kuibana. Muulize mtaalamu wako swali hili moja, "Mashine zangu zina maikrofoni za kuelekeza?", na jibu lake ndilo likuamulie pa kukaa.

Jaribio la mezani

Usiende kujifunza programu za mashine kwenye harusi ya mpwa wako. Jifunze nyumbani, jioni, na mtu mmoja na redio moja.

Kaa mezani, mwenzako akuelekee umbali wa mita 1. Redio iweke nyuma yako, hatua mbili hivi, kwenye kipindi cha watu wanaozungumza, maana muziki hautakupa picha ya kweli. Iongeze hadi uanze kupata taabu ya kumfuata mwenzako. Yeye awe na karatasi aliyoandika nambari 20 bila mpangilio, zikichanganya sita, saba, tisa na sitini. Wewe fumba macho. Asome moja moja kwa sauti ya kawaida, wewe urudie, na yeye aweke alama bila kukuambia kama umepata. Andika ulizopata. Kisha badilisha programu ya mashine iwe ya kelele au ya mgahawa, karatasi nyingine, rudia. Kisha ihamishe redio ije mbele, nyuma ya mwenzako, rudia. Kisha sogeeni hadi nusu mita. Mwisho fanya na orodha ya maneno badala ya nambari, pika, fika, shika, pita, mara ya kwanza macho yakiwa yamefumbwa na mara ya pili yakiwa wazi.

Inachukua chini ya saa moja, na ukimaliza una karatasi inayoeleza masikio yako kuliko maelezo yoyote utakayotoa kwa mdomo. Utaona ni programu ipi inayokusaidia kweli, na redio ikiwa wapi. Utaona pia, kama nilivyoona mimi, jinsi macho yanavyokubeba bila wewe kujua.

Katika jaribio hilo utagundua jambo ambalo wauzaji hawalisemi wazi. Kipunguza kelele cha ndani ya mashine kinaijua kelele kwa sababu haibadiliki: feni, jenereta, injini ya basi, kiyoyozi. Sauti ya binadamu hupanda na kushuka, na mashine hutambua maneno kwa huko kupanda na kushuka. Sasa watu ishirini wakizungumza kwa pamoja, kila mmoja sauti yake inapanda na kushuka, kwa hiyo kwa mashine nyingi wote ni maneno yanayostahili kukuzwa. Ndiyo sababu jenereta inatulia masikioni mwako lakini zogo la watu halitulii. Kipunguza kelele kinakupunguzia kero na uchovu, nacho kina thamani yake. Lakini cha kukuongezea maneno, tegemea zaidi maikrofoni za kuelekeza na ukaribu. Mashine mpya zinazotumia akili mnemba zimepiga hatua katika hili, ila ni ghali, na mtu mwenye mashine ya miaka mitano iliyopangwa vizuri asijione ameachwa nyuma.

Tahadhari: programu inayobana sauti za nyuma inabana pia pikipiki inayokuja nyuma yako. Ukitoka sokoni, kabla ya kuvuka barabara, irudishe mashine kwenye programu ya kawaida.

Rudi kwa mtaalamu, tena ukiwa na maneno kamili

Hapa ndipo nilipolikuta chimbuko la sita na tisa zangu. Nilipovalishwa mashine kwa mara ya kwanza, kila kitu kilikuwa kikali. Maji ya bomba yalinichoma, gazeti likifunuliwa nikashtuka, na kuosha sahani ilikuwa adhabu. Baada ya wiki moja nilirudi kliniki nikasema, "Punguzeni huu ukali." Wakapunguza, nikaondoka nimefurahi. Sikujua kwamba ukali ule wa gazeti na ukali wa s ni wa masafa mamoja. Nilikuwa nimeomba mwenyewe konsonanti zangu ziondolewe, na nikakaa hivyo miezi mingi, hadi siku ile ya changu.

Kwa hiyo ukiwa mgeni wa mashine, usiombe ukali uondolewe. Omba vitu viwili. Kwanza, sauti *kubwa* na za ghafla zipunguziwe upeo wake, kama sahani zinapogongana. Hilo linaweza kufanywa bila kugusa sauti ndogo za masafa ya juu. Pili, mashine zianze chini kidogo kisha zipandishwe kwa awamu, wiki baada ya wiki, ubongo ukizoea. Ubongo uliokaa miaka bila kusikia s unaihesabu s kuwa kelele. Unahitaji wiki nyingi, pengine miezi, na unazihitaji ukiwa umezivaa mashine kutwa, si saa mbili za Jumapili. Mashine nyingi huhifadhi kumbukumbu ya saa ulizozivaa, na mtaalamu anaziona kwenye kompyuta yake, kwa hiyo sema kweli.

Ukienda kliniki usiseme "hazifanyi kazi". Neno hilo halimpi mtaalamu pa kushika. Chukua daftari dogo na uandike kila tukio kwa mahali, umbali, aina ya kelele na neno lililopotea. "Alhamisi, sokoni, muuzaji hatua mbili mbele yangu, injini na mnada nyuma, nilisikia sita badala ya tisa." Au: "Kikaoni, mwenyekiti nilimwelewa, wa upande wa kushoto sikumwelewa hata mmoja." Au: "Sauti yangu mwenyewe inavuma kana kwamba nimo ndani ya mtungi." Kila moja ya sentensi hizo ina marekebisho yake.

Kisha muulize maswali haya, bila woga, maana masikio ni yako. Je, umepima sauti *ndani* ya sikio langu? Kuna kipimo ambapo bomba jembamba laini huingizwa kwenye tundu la sikio pamoja na mashine, kisha huchezwa sauti ya maneno na kompyuta ikaonyesha ni kiasi gani kinafika karibu na ngoma ya sikio. Matundu ya masikio hayafanani, na mipangilio ya mwanzo ya kiwandani mara nyingi hutoa masafa ya juu pungufu kuliko mtu anavyohitaji. Kliniki isiyo na chombo hicho inaweza angalau kukupima kwa maneno yakichezwa pamoja na kelele. Kipimo cha mlio wa "ti" ndani ya chumba kimya hakisemi mengi kuhusu sokoni.

Uliza pia kuhusu kile kidude kinachoingia sikioni. Vile vya mpira vyenye matundu makubwa vinastarehesha, havikufanyi uisikie sauti yako ikivuma, lakini kupitia matundu hayohayo kelele nene inaingia moja kwa moja bila kupita kwenye mashine, na mashine haiwezi kupunguza kisichopita kwake. Kwa baadhi ya watu, kubadili kidude hicho kuwa cha kuziba zaidi, au cha kuchongwa kwa umbo la sikio lao, huleta nafuu kuliko kununua mashine mpya. Kuna gharama yake, ule mvumo wa mtungini, na hapo wewe na mtaalamu mtatafuta katikati.

Kwangu mimi mtaalamu alizirudisha s kwa awamu tatu. Wiki za mwanzo gazeti lilirudi kunishtua. Sasa silijali.

Mahali na mahali

Harusi ni mtihani mkubwa: ukumbi wa vigae na kuta tupu zinazorudisha mwangwi, spika zenye urefu wa mtu na mshereheshaji asiyenyamaza. Fika mapema uchague kiti. Kaa mbali na spika, uipe mgongo, na mtu unayetaka kuzungumza naye akae kati yako na ukuta au pazia. Pazia ni bora kuliko ukuta kwa sababu linameza mwangwi. Omba ratiba ya shughuli kabla. Ukijua kwamba sasa ni zamu ya wazazi wa bwana harusi, ubongo unajaza nusu ya maneno. Usijaribu kufuata meza nzima ya watu wanane. Zungumza na mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, na wa mbali wanaotaka salamu tokeni nje pamoja. Muziki ukipanda sana, toka dakika kumi upumzike. Kusikiliza ukiwa na masikio haya ni kazi ya mwili, na uchovu unaousikia saa tatu usiku ni wa kweli.

Kwenye ibada, safu za mbele, mahali unapouona uso wa anayesoma, si chini ya kipaza sauti. Kwenye kikao, mwambie mwenyekiti kabla hakijaanza, kisha kaa mahali panapokuonyesha nyuso nyingi. Kwenye daladala usitegemee kusikia kituo kikitajwa: mwambie konda unaposhuka wakati unapanda, na kaa mbali na dirisha lililo wazi, maana upepo ukipiga maikrofoni unakuwa ngurumo. Mvua juu ya bati hakuna programu inayoishinda. Andikianeni, au ngojeni.

Kama kazi yako ni ya vikao au darasa, ulizia maikrofoni ya ziada, kile kidude kidogo ambacho mzungumzaji anakibana kifuani, chini kidogo ya kidevu, nacho kinatuma sauti yake moja kwa moja hadi kwenye mashine zako bila waya. Kinaufuta umbali, na penye kelele kinasaidia kuliko maikrofoni zote za masikioni. Lazima kikubaliane na aina ya mashine zako, kwa hiyo usinunue kabla ya kuuliza. Mwenye iPhone na mashine zinazounganishwa nayo anaweza kutumia huduma ya Live Listen: simu unaiweka mezani karibu na mzungumzaji, nayo inakuwa maikrofoni.

Kwa wanaoishi nasi

Mpe ukurasa huu mtu wa nyumbani asome sehemu hii. Usimpigie kelele mwenye mashine. Daktari wa Kifaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 jinsi mtu anavyopandisha sauti bila kujua akiwa penye kelele. Ni tabia ya mwili. Lakini sauti ikipandishwa, kinachokua zaidi ni irabu, ambazo tayari anazisikia, na s na t hazikui kwa kiasi hicho. Mdomo nao unapinda na hausomeki. Mwite jina kwanza, ngoja akutazame, ndipo useme, kwa sauti ya kawaida na mwendo wa polepole kidogo. Asipoelewa mara ya pili, badilisha maneno: badala ya "baba amefika" sema "baba yuko mlangoni". Na usimwambie kamwe "basi, si kitu muhimu". Kwa neno hilo watu wengi wamenyamazishwa katika nyumba zao wenyewe.

Na wewe mwenye mashine, acha kuitikia "ehee" kwa jambo usilolielewa. Rudia ulichokipata: "Umesema tukutane stendi, saa ngapi?" Mwenzako atajaza pengo moja tu badala ya kuanza upya, naye hatachoka na wewe.

Kama bado hujavaa mashine na haya yote unayaona kwako, nenda ukapimwe. Pengine ni nta tu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma, kwa hiyo hakuna aibu yoyote. Lakini ukiamka sikio moja limezima ghafla, usingoje wiki ijayo: hiyo ni dharura, mwone daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo, kwa sababu matibabu yake yanategemea kuwahi.

Ukirudi kliniki, nenda na daftari lako na ile karatasi ya jaribio la mezani. Nenda pia na mtu unayezungumza naye kila siku, mume, mke, binti, na umwombe mtaalamu azipange mashine ukimsikiliza huyo, dirisha likiwa wazi na barabara inasikika.